Malaria ya Nyumba Yetu

Simiyu,

Sikuandikii kwa sababu nimekukumbuka. Kukukumbuka naweza nikiwa nimelala, bila kuisumbua mikono hii ambayo siku hizi inatetemeka hata ikishika kijiko. Nakuandikia kwa sababu nina hasira nawe, na watu wengine ambao ningewakasirikia wameshakufa au bado ni watoto. Baba yako nilimgombeza miaka mingi na hakunijibu hata alipokuwa hai. Sasa ni zamu yako.

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alinieleza polepole, kama anayezungumza na mtu asiyejua kusoma, nami nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza, "Ni miezi au ni wiki?" Akatazama karatasi zake. Nimefundisha watoto miaka thelathini na minne. Mtu akiulizwa swali akatazama karatasi, najua jibu lake.

Kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza.

Kwanza habari, maana hata mtu uliyemkasirikia hupewa habari. Chumba chenu cha Silanga kilipata mpangaji kabla hatujamaliza matanga yako. Yule kijana muuza makaa wa jirani ndiye anayelima ile sukuma wiki mliyopanda kando ya bwawa, na inakua vizuri kuliko ilivyokua mikononi mwenu. Mke wako alirudi kwa ndugu zake Kitale. Nasikia bado anakunywa. Mimi niko hapa hapa Kawangware, vyumba viwili, choo nje, na ngazi tatu ambazo zamani sikuwa nikiziona na sasa nazihesabu.

Binti yako Naliaka anaishi nami. Ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne, na amekupita kwa urefu. Ananiosha miguu kila jioni kwa maji ya vuguvugu kwa sababu imevimba na siwezi kuinama. Ananiita Shosh, neno la majirani zetu Wakikuyu, na mimi, Mbukusu mzima, nimechoka kumrekebisha aniite Kukhu. Hilo la kurekebisha nitalirudia. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Lakini nataka kwanza ujue mtoto wako aliishi vipi nyumbani mwako. Ulikuwemo humo, najua. Ulikuwa umelala na viatu.

Alikuwa akienda shuleni na unga ndani ya begi. Kilo nzima ya unga wa ugali, katikati ya daftari la historia na la hesabu, kwa sababu akiuacha nyumbani mama yake ataupima kwa kikombe, auze, anywe. Siku moja mwalimu alikagua mabegi ya darasa zima akitafuta simu, mfuko ukapasuka, na kuanzia siku hiyo wakamwita Mama Unga. Alicheka pamoja nao. Aliniambia kwamba mtu akikupa jina ucheke kwanza wewe, litapoa haraka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu alipogundua hilo.

Alijua kukulaza ubavu ili usisongwe na matapishi. Alijua kukuvua kiatu kimoja, kimoja tu, akakificha chini ya sufuria kubwa, kwa sababu aliamini hakuna mtu anayeweza kwenda kunywa na kiatu kimoja. Ulikwenda. Ulipita Silanga yote mguu mmoja ukiwa soksi tupu, na wenzake wa shule wakakuona, nawe ukawapungia mkono. Nikimuuliza sasa, anacheka. Sikipendi kicheko hicho. Ni chako. Na wewe ulikipata kwangu.

Basi hapo ndipo panapouma, Simiyu, na hapo ndipo hasira yangu inapogeuka kunitazama mimi. Nivumilie.

Unaikumbuka siku ile ya tarishi? Tuliishi Riruta wakati huo. Baba yako alikuwa karani wa ghala kule Viwandani na hakuwa ameonekana kazini siku tatu. Tarishi alikuja mchana, akapiga hodi. Baba yako alikuwa sakafuni, nyuma ya pazia, akinuka pombe ya busaa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikushika bega nikakuambia, "Nenda mlangoni, useme: Baba ana malaria."

Ukanitazama. Ukasema, "Lakini Mama, si amelewa?"

Nikakuzaba kofi. Kisha nikapiga magoti, nikakupangusa shavu kwa ncha ya leso yangu, nikakuambia maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Katika nyumba hii hakuna mlevi. Kuna mgonjwa wa malaria."

Ulikwenda. Nilikusikia. Ulisema vizuri kuliko nilivyokufundisha. Uliongeza hata kwamba alitetemeka usiku kucha na amekataa chakula. Tarishi akampa pole. Uliporudi ndani uso wako ulikuwa uso wa mtu aliyefaulu mtihani, nami, mwalimu, nilikupa alama zote kwa macho.

Tangu siku hiyo baba yako aliugua malaria kila mwisho wa mwezi. Aliugua Krismasi, aliugua Pasaka, aliugua siku ya wazazi shuleni kwenu. Wewe na dada yako Nafula mkazoea hata mkaanza mzaha. "Leo ni malaria ndogo." "Leo imepanda kichwani." Mimi nilikuwa nikijifanya sisikii, huku nikiwa nimefurahi kwamba watoto wangu hawalii. Nilidhani mtoto asiyelia amepona.

Na ulipoanza kunywa wewe, mtu mzima, mwenye mke na mtoto, ulinipigia simu siku ya kwanza uliposhindwa kwenda kazini. Ukasema, "Mama, leo nina malaria kidogo."  Halafu tukacheka. Wote wawili, Simiyu! Mimi mjane wa mlevi, nimekaa kitandani na simu sikioni, nacheka na mwanangu kwa sababu ameanza kufa kama baba yake. Kicheko kile ningekipata tena ningekitafuna nikakimeza.

Ukamfundisha Naliaka. Sikukuona ukimfundisha, lakini nilijua siku mwalimu wake aliponiambia, "Mwanao huugua malaria mara nyingi, mngempeleka akapimwe." Nilisema nitampeleka. Unajua na mimi najua kwamba Nairobi mbu ni wengi, na kule bwawani wamejaa, lakini malaria huku ni ya kuleta. Mtu huipata akienda kwetu magharibi. Mwalimu yule alijua pia. Alinitazama kwa muda, nami nikamsifu kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Sasa nafika pale nilipokuwa nikipazunguka.

Ulikwenda kwetu Bungoma kumzika mjomba wako. Ulikaa wiki mbili. Ulirudi. Jumanne, saa kumi, nilikuwa nimeketi mlangoni nikichambua maharagwe, nikamwona Naliaka anakuja na yunifomu, viatu vyekundu kwa vumbi. Alikuwa ametembea kutoka Silanga, akapita soko la Toi katikati ya wauza mitumba, akavuka Barabara ya Ngong, mpaka kwangu. Hakuniamkia. Alisema:

"Shosh, Buda ako na malaria."

Nami nikafanya nini? Nikamsahihisha.

"'Ako na' ni Kiswahili cha wapi? Sema: Baba ana malaria."

Akafumba macho kidogo. Akasema, "Baba ana malaria."

Yale yale, Simiyu. Neno kwa neno. Yale niliyokutuma nayo mlangoni. Mtoto alikuwa amekuja na maneno yake mwenyewe, ya mtaani, ambayo hayakuwa yamewahi kutumika kwa uongo nyumbani mwetu, nami nikampokonya nikamrudishia yale yaliyooza. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka miwili. Nina hakika aliyachagua. Hakuwa akisema "Buda" mbele yangu, alijua nachukia. Alitaka nisikie kwamba hii ni nyingine.

Nikamuuliza, nikiendelea na maharagwe, "Amekunywa wapi?"

"Hajakunywa. Hii ni ya ukweli, Shosh."

"Hata babu yako alisema ni ya kweli."

"Shosh, skiza. Hanuki."

Mtoto wa mlevi akikuambia mtu hanuki, hakuna maabara inayoshinda hapo. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa naweza kusimama wakati huo, miguu yangu ilikuwa mizima. Nilimwambia, "Mwambie alale. Kesho itakuwa imeisha." Nikampa vidonge viwili vya maumivu na ndizi, nikamrudisha.

Jumatano akaja tena, saa ile ile. Alikuwa amekimbia. "Shosh, anaongea na watu hawako."

Nikasema, "Hiyo pia naijua."

Hayo tu. Sikumkaribisha hata maji.

Alhamisi asubuhi alikubeba kwa mkokoteni wa muuza sukuma, yeye na mwenye mkokoteni, mama yake akifuata nyuma akisema, "Malaria gani, huyu amezima na pombe tu, mtamwaibisha." Nilipofika hospitali ulikuwa umeshafunikwa. Kulikuwa na jani la sukuma nyuma ya sikio lako. Daktari aliniuliza mgonjwa ameanza kuonyesha dalili lini, nikasema sijui.

Usidhani najitwika yote. Neno lile nililitunga mimi, lakini wewe ndiye uliyelitumia mpaka likaisha, na siku ulipolihitaji halikuwepo. Ulikuwa na miaka arobaini na minne. Ungeweza kulitupa. Ungeweza kuniambia hata mara moja, "Mama, nimelewa, nisaidie," na pengine ningekuzaba kofi tena, lakini ungekuwa umelisema. Baba yako hakulisema, wewe hukulisema, na mkaniachia mimi na mtoto tuwaeleze watu mlikuwa nani. Nakukasirikia kwa hilo, na nitakufa nikiwa nimekukasirikia.

Matangani, aliyesoma wasifu wako alifika mahali pa kifo akasema, "Marehemu aliugua malaria kwa siku chache." Chini ya hema, wanaume wa nyuma wakakohoa. Mmoja akafunika mdomo kwa kofia. Walidhani tunawadanganya. Ndiyo siku pekee tuliyosema kweli.

Halafu, mbele ya watu tukila, Nafula akamgeukia Naliaka. Dada yako hakuwa na nia mbaya, alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Alimuuliza, "Wewe ndiye uliyekuwa naye nyumbani. Mbona hukumwambia mtu?"

Naliaka alinitazama.

Nilirekebisha kitambaa changu cha kichwa.

Basi akasema, "Nilidhani ni ile ya kawaida."

Alinifunika, Simiyu. Kama alivyokuwa akikufunika wewe. Alikuwa na miaka kumi na mitano, ameketi chini na sahani ya wali magotini, akaona mkubwa mwingine anaanguka, akamlaza ubavu. Nami nikalala. Shangazi zako wakatikisa vichwa, na kuanzia hapo habari ikawa hivyo: mtoto alinyamaza. Imesemwa Bungoma, imesemwa Kawangware. Niliiacha isemwe kwa sababu mimi ni Mwalimu, na watu husimama nikiingia kanisani.

Ningekufa nayo. Nilikuwa nimekusudia hivyo. Lakini mwezi uliopita Naliaka alikuwa nje akifua nguo na rafiki yake wa shule, nami nikiwa kitandani, dirisha wazi. Rafiki akamuuliza habari zako. Naliaka akasema, "Buda alikuwa anakufa na mimi nikanyamaza. Sikuambia mtu. Ningesema, angekuwa hai."

Nilingoja acheke, au apunguze sauti, nijue anamdanganya rafiki ili kunificha mimi. Hakucheka. Aliendelea kusuuza shati. Anaamini! Wameirudia mara nyingi mpaka imefuta barabara yote ile aliyotembea, siku mbili mfululizo, na mlango wangu na maharagwe yangu. Tumemnyima hata kumbukumbu yake. Na mtu wa pekee duniani anayejua kwamba alikuja ni mimi, na moyo wangu umechoka.

Nafula huja Jumapili kutoka mtaa wa Satellite na chakula. Jumapili iliyopita, tulipomaliza kula, nilimwambia, "Nafula, matangani ulimuuliza huyu mtoto kwa nini hakumwambia mtu. Alimwambia mtu. Aliniambia mimi. Mara mbili."

Naliaka alikuwa akikusanya sahani. Akacheka haraka, kile kicheko chetu, akasema, "Anti, usimskize. Shosh leo ana malaria."

Na Nafula akacheka naye. Amekulia nyumba ile ile, lilimtoka kabla hajafikiri. Kwa muda mfupi nilikuwa nimeokolewa. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningeweza kupita na kuomba chai.

Nikasema, "Sina malaria. Alikuja Jumanne saa kumi akasema Buda ako na malaria, nikamsahihisha Kiswahili. Akasema hanuki. Nikamwambia arudi."

Naliaka aliziweka sahani chini, moja moja.

"Nilikuja?"

"Ulikuja."

"Na Jumatano?"

"Ulikuja. Ulikuwa umekimbia."

"Nikasema nini?"

"Ulisema anaongea na watu hawako."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema hiyo pia naijua."

Alisimama pale. Nilimwona akiipita ile njia tena, hatua kwa hatua, macho yakienda huku na huku. Halafu sauti ikatoka ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kubwa, mbaya, majirani wakafungua milango.

"Miaka miwili, Shosh! Miaka miwili nakuosha miguu!"

Nafula akasema, "Naliaka, nyanya yako ni mgonjwa, mheshimu."

Nikamwambia Nafula, "Mwache."

Akasema mengi. Aliniita mwongo. Aliniita mnafiki wa kanisa. Alikuita wewe jina ambalo sitaliandika, na mama yake, na babu yake ambaye hakumjua. Alisema kwa Kiswahili chake kibovu, ngeli zote zimevurugika, nami sikusahihisha hata moja. Kisha akafungasha mto wake na vitabu, akafuatana na Nafula mpaka Satellite.

Siku ya kwanza Mama Shiko, jirani wa chumba cha tatu, aliniletea uji. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alisafiri. Nisingependa ujue nilivyokuwa nikifika chooni. Nilikuwa nimemwambia Nafula kwa simu kwamba sina shida yoyote, nimekula, nimeshiba, asije. Unaona? Umri huu.

Leo asubuhi simu ikalia. Ilikuwa ni yeye.

"Shosh, umekula?"

"Nimekula."

"Usinidanganye."

Niliishika simu kwa mikono miwili. Hujui ilivyokuwa ngumu, Simiyu, neno dogo kama lile. Nimesimama mbele ya wakaguzi, mbele ya maiti ya mume na ya mwana, na sikuwahi kuogopa hivyo.

"Sijakula tangu juzi," nikasema. "Na nimejichafua."

 Nikasikia redio ya Nafula kwa nyuma.

"Nakuja," akasema. "Lakini bado nimekasirika. Usidhani imeisha."

Nikamwambia, "Njoo nayo."

Yuko njiani sasa, nami naandika haraka kabla hajafika. Nimeshamwandikia barua nyingine, fupi, yenye jina langu kamili na sahihi yangu, inayosema ni lini alikuja kwangu, alisema nini, na mimi nilijibu nini. Nakala ya pili ataiweka Nafula, ili nikishaondoka asipatikane mtu wa ukoo wa kumwambia tena kwamba alinyamaza. Na nakuahidi wewe hili: kwa siku nilizobakiwa nazo, akiniuliza habari zako sitakupamba. Nitamwambia ulikuwa mlevi, kwa neno hilo hilo. Nitamwambia pia kwamba ulijua kushona mpira wa matambara uliodunda kuliko wa dukani, na kwamba ulimbeba mgongoni alipokuwa na surua mpaka ukalala umesimama. Akitaka kukuchukia akuchukie akiwa anakujua.

Kwaheri, mwanangu. Mimi sijakusamehe. Na ukithubutu kunisamehe wewe kwanza, nitakasirika zaidi.

Mama yako